Kipindupindu kimepoa, unyago unakaribia: tufungue lini?

Asalaam aleikum, wana ushauri.

Mimi ni katibu wa kamati ya afya ya kijiji, wilayani Tandahimba. Mwishoni mwa Oktoba kipindupindu kilituingia, msimu wa korosho ukiwa umechanganya na wageni wamejaa. Waliugua watu 9, mzee mmoja akafariki. Bwana afya akaleta amri nne za halmashauri: mama lishe wafunge, matunda ya kukata na juisi visiuzwe, sherehe zisimame, na msibani watu wazike na kuondoka bila kula.

Mgonjwa wa mwisho alianza kuharisha Novemba 3, akapelekwa kambi ya matibabu Novemba 4, akaruhusiwa Novemba 7. Leo Novemba 16 hatujasikia mwingine, na kijiji kimegawanyika. Upande mmoja wapo makungwi, wazazi wenye wasichana 12 wa unyago na vijana wa jando, pamoja na mama lishe. Unyago umepangwa Desemba 6, shule zikishafungwa. Mchele umenunuliwa na wapiga ngoma wamelipwa kianzio. Upande wa pili wapo walimu, imamu na familia ya marehemu. Hao wanataka tukae hivi hivi hadi Januari.

Mkutano wa hadhara wa Ijumaa uliishia kwenye matusi. Mama mmoja muuza vitumbua alisimama akauliza: "Ghala la AMCOS, ushirika wetu wa korosho, linapokea watu kutwa nzima, mbona halikufungwa? Au kipindupindu kinapenda vitumbua tu?" Watu wakacheka, Mwenyekiti akakasirika, kikao kikavunjika. Kwenye grupu la WhatsApp ndiyo usiseme. Yupo anayekumbusha kwamba wakati wa korona shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa Juni, maisha yakaendelea, basi na hili tufungue. Mwingine anataka tupige kura.

Mwenyekiti amenipa kazi ya kuandaa mkutano mwingine. Siku zinahesabiwaje? Kifunguliwe nini kwanza? Na kijiji kina mamlaka hayo, au tunagombea kitu kisicho chetu?

Katibu, Tandahimba

*

Waaleikum salaam, Ndugu Katibu.

Tuanze na swali la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi. Amri iliyotoka halmashauri huondolewa na halmashauri. Kijiji kinaweza kuomba, na ombi lililoandikwa vizuri husikilizwa. Kwa hiyo kura ya "tufungue au tusifungue" iacheni, maana hata mkishinda kwa mikono mia hamna mlichofungua. Yanayofaa kuamuliwa na mkutano ni haya: tuombe kulegezewa nini kwanza, nani atasimamia, na gharama ya sabuni na klorini inatoka mfuko gani.

Sasa siku. Kimelea cha kipindupindu kikishamezwa, dalili hutokea ndani ya saa chache hadi siku 5. Zamani ilitosha kuhesabu mara mbili ya hizo, yaani siku 10 bila mgonjwa mpya. Mwongozo wa kimataifa wa siku hizi ni mkali zaidi: wiki 4 mfululizo ambazo kila anayeshukiwa amepimwa na kukutwa hana. Sababu ni kwamba wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa au wanaharisha kidogo tu, na huku wanaendelea kutoa kimelea kwenye choo kwa siku 1 hadi 10. Watu hao hamuwaoni kambini.

Hesabu yenu ianzie Novemba 4, siku mgonjwa wa mwisho alipotengwa. Siku 10 zilitimia Novemba 14. Siku 28 zitatimia Desemba 2, siku nne kabla ya unyago. Kwa hiyo pande zote mbili zina nafasi ya kupata wanachokitaka, ila kwa sharti moja linalosahaulika sana: hizo siku 28 ni za watu waliopimwa. Kama tangu Novemba 7 hakuna aliyepeleka sampuli zahanati, ukimya wenu hauna uzito. Omba zahanati ihakikishe ina vipimo vya haraka vya kipindupindu na chombo cha kubebea sampuli kwenda maabara ya hospitali, na kila anayeharisha choo cha maji apimwe kuanzia wiki hii.

Kuna njia rahisi ya kujua kama watu wanafichana. Mwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite kwenye maduka ya dawa kila jioni aulize pakiti za ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) na vidonge vya Flagyl vimenunuliwa vingapi siku hiyo. Mauzo yakipanda na daftari la zahanati likabaki jeupe, wagonjwa wapo majumbani. Na huficha kwa sababu ya kueleweka: hakuna mama anayetaka mwanawe awe ndiye aliyeharibu unyago wa watu 12. Zuio likikaa muda mrefu bila watu kuona faida yake, ndivyo daftari linavyozidi kusema uongo. Hapo hatukubaliani na walimu wenu wanaotaka kusubiri Januari bila kueleza Januari kutakuwa na nini kisichokuwepo Desemba. Tena Januari ni mvua. Mvua ndizo zinazosomba uchafu wa juu ya ardhi na wa vyoo vifupi kuupeleka kwenye visima vya wazi.

Kuhusu korona, anayekumbusha 2020 ana kumbukumbu nzuri ila amekata kipande. Shule zilifungwa Machi 17. Juni 1 vilifunguliwa vyuo na kidato cha sita peke yao, na shule nyingine zikafuata Juni 29. Hata hapo kulikuwa na mpangilio, mlango haukuachiwa wote kwa mara moja. Tofauti kubwa zaidi ni njia ya ugonjwa. Korona ilipita kwa hewa, ndiyo maana umati wenyewe ulikuwa hatari. Kipindupindu hakipiti kwa hewa. Lazima kinyesi cha mtu kifike kinywani mwa mwingine, kupitia maji, mkono, chombo, nzi au chakula. Watu mia wakicheza ngoma uwanjani bila kula wala kunywa pamoja hawaambukizani. Watu kumi wakichota maji kwa kata moja kwenye pipa moja wanaambukizana.

Ndiyo maana swali la mama wa vitumbua lilistahili jibu, halikustahili hasira. Kitumbua kinapotoka kwenye mafuta yanayochemka hakina kimelea. Hatari ni mkono unaokipanga kwenye sinia, karatasi kinakofungwa, na beseni la maji ya kusuuzia vikombe vya chai ambalo halijabadilishwa tangu alfajiri. Ghalani nako, kupima magunia hakuambukizi. Kinachoambukiza ni pipa la maji ya kunywa lenye kikombe kimoja cha wabebaji, na choo kimoja kisicho na sabuni. Mkimwekea yeye masharti, wekeni na AMCOS masharti yale yale, yasomwe mkutano ule ule, na kiongozi wa AMCOS awepo. La sivyo hakuna atakayewasikiliza, na watakuwa na haki.

Kwa msingi huo, kila zuio liulizwe linaziba njia ipi, na likitolewa njia hiyo itazibwa na nini. Kwenye mkutano andikeni mazuio manne kwenye karatasi la manila, moja moja, na mlijadili kila moja hadi liishe kabla ya kugusa jingine. Mikutano huvunjika pale mmoja anapozungumzia msiba, mwingine vitumbua, mwingine ngoma, kila mtu akijibu lisiloulizwa.

La kwanza kuombewa, hata kesho, ni mama lishe wa vyakula vya moto. Siku 10 zimepita na masharti yake yanakaguliwa kwa macho. Awe na ndoo mbili zenye koki, moja ya kunawia wateja na sabuni yake, moja ya maji ya kunywa yaliyotiwa dawa. Vyombo vioshwe kwa sabuni na maji safi, visuuzwe kwa maji yenye dawa, vianikwe kwenye kichanja na visifutwe kwa kitambaa. Chakula kitoke jikoni kikiwa moto. Kilichobaki zaidi ya saa mbili kipashwe hadi kitoe mvuke kote au kimwagwe, na wali ndio wa kuogopwa zaidi kwani kimelea huzaliana ndani yake upesi ukiachwa umepoa. Kachumbari isiwepo kwa sasa. (Wanaosema ndimu inamaliza kazi: ndimu husaidia, lakini hakuna apimaye ndimu ngapi kwenye sahani, kwa hiyo msiitegemee.) Asiyetimiza anafunga yeye, wenzake wanaendelea.

Matunda ya kukata, juisi, barafu za mifuko na juisi ya mabibo viwe vya mwisho kabisa, baada ya siku 28. Havipiti motoni, na maji yake hamjui yametoka wapi. Mtu ale embe zima, alimenye mwenyewe.

Chakula cha msibani huleta ugomvi mkubwa kuliko vyote kwa sababu kinagusa utu. Shida yake mara nyingi ni watu wale wale: waliomwosha marehemu ndio wanaoingia jikoni. Kwa hiyo omba kilegezwe kwa masharti mawili. Waosha maiti waandikwe majina na wasiguse chakula siku hiyo, na marehemu aliyekuwa anaharisha aoshwe na watu waliofundishwa na bwana afya, wenye glavu na klorini ya asilimia 2, azikwe mapema. Kwa misiba mingine, chakula cha moto na maji ya kunawa yanayotiririka vinatosha.

Tufike kwenye unyago wenyewe. Chukua wageni 200 wanaolala hapo usiku mmoja. Kwa kunywa tu, lita 3 kwa mtu ni lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatibu dumu moja la lita 20 kama maji yanapitisha mwanga, kwa hiyo vidonge 30 kwa kunywa, na weka akiba mara mbili. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kisha tia vidonge viwili. Subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Soma pakiti, kwa sababu vidonge vipo vya nguvu mbalimbali, na cha lita 5 hakitoshi dumu la lita 20.

Huko kwenye uwanda wa Makonde wengi mnakinga mvua kwenye matangi ya saruji na kuchota kwa ndoo ya kamba. Msihangaike kutia dawa tangi zima, kwani kila ndoo inayoshuka na uchafu wa mikono inakula dawa yote. Tibuni kwenye dumu, siku ya kunywa. Dumu liwe na mdomo mwembamba, maji yamiminwe, hakuna kata wala mkono kuingia. Bwana afya ana kifaa cha kupimia klorini. Kwenye dumu la kunywa kisome angalau miligramu 0.5 kwa lita. Ikisoma sifuri baada ya nusu saa, maji ni machafu mno au dawa imeharibika.

Kwa kunawa na kusafisha, hesabu ya poda ya klorini ya asilimia 65 hadi 70 ni hii. Kijiko 1 cha chakula kilichosawazishwa kwenye lita 20 kinatoa maji ya asilimia 0.05, ya kunawia mikono pasipo na sabuni. Vijiko 10 kwenye lita 20 vinatoa asilimia 0.5, ya sakafu, choo na ndoo za wagonjwa. Vijiko 2 kwa kila lita 1 vinatoa asilimia 2, ya matapishi, kinyesi na maiti. Mwagieni, mwache dakika 10 au zaidi, ndipo mfute. Kama mnatumia jiki ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji ni asilimia 0.5. Chukua kikombe 1 cha mchanganyiko huo kwa vikombe 9 vya maji upate 0.05. Changanyeni kwenye ndoo ya plastiki, kila siku upya, kivulini. Jua huua klorini, na bati huliwa nayo. Msiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye tindikali, hutoa gesi inayoziba pumzi. Na msinyunyizie watu, wala msizunguke na pampu ya kupulizia mikorosho mkipuliza kuta za nyumba za waliougua. Haizuii kitu, ila inamtangaza mgonjwa kwa jirani, na kesho wa pili atafichwa.

Vyoo: kwa kiwango cha dharura ni choo 1 kwa watu 50, kwa hiyo 4 kwa wageni 200, vyenye mlango, kifuniko na ndoo ya koki nje. Viwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Panapokosekana vinne, punguzeni wageni. Hii ni hoja bora ya kumpa kungwi kuliko kumwambia "serikali imekataza": idadi ya wageni inapangwa na choo na maji, na yeye ndiye anayejua nani akatwe kwenye orodha.

Jambo jingine la kuzungumza na makungwi na mangariba faraghani, si mbele ya mkutano: mwali aliye ndani au kijana aliye jandoni akianza kuharisha, miiko humzuia asitoke, na saa chache zinatosha kumuua mtu kwa kukaukiwa maji. Kubalianeni mapema kwamba atatoka saa hiyo hiyo, kwa mlango gani, na nani atamfunika na kumsindikiza, bila yeye kuhesabiwa kuwa ameharibu. Kungwi awe na pakiti 10 za ORS ndani. Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyotibiwa, inywewe ndani ya saa 24, mabaki yamwagwe. Pakiti zikiisha njiani: vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita 1, vyote vilivyosawazishwa. Chumvi ikizidi, mtoto huumia zaidi. Anywe kidogo kidogo huku safari ya zahanati inaendelea, siyo kusubiri kwanza apate nafuu.

Kabla hamjafungua chochote, andikeni na namna ya kufunga tena. Kipimo kimoja kikisoma chanya, kitongoji hicho peke yake kinarudi kwenye mazuio, na siku zake zinaanza upya. Vingine vinaendelea vikiwa macho. Likiandikwa leo wakati kila mtu ametulia, hakuna atakayesema Desemba kwamba mnamwonea. Kwenye grupu la WhatsApp, mhudumu wa afya atume ujumbe mmoja kila saa 12 jioni: waliopimwa wangapi, chanya wangapi. Jina la mgonjwa halitajwi, na anayelitaja anatolewa.

Barua ya ombi isizidi ukurasa mmoja: tarehe ya mgonjwa wa mwisho kutengwa, waliopimwa tangu hapo, zuio mnaloomba lilegezwe na kile kitakachoziba njia yake, majina ya wasimamizi wawili wa kila kitongoji, na sharti la kufunga tena. Isainiwe na Mwenyekiti na Mtendaji, ipitie kwa Mtendaji wa Kata hadi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nakala kwa bwana afya. Ya mama lishe ipelekeni sasa. Ya unyago iandikeni sasa pia, mkiomba ukaguzi wa vyoo na maji ufanyike kati ya Desemba 2 na 5, mkiacha nafasi ya matokeo ya vipimo kujazwa kwa kalamu. Na apewe mtu wa bodaboda aipeleke mkononi, arudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.